Bwawa Nalo Linafunga



Vijana wenzangu, leo tuongee kuhusu samaki. Najua kuna atakayesema, "Huyu frateri Kwaresima imemwishia mada." Nivumilieni kidogo. Samaki huyu ana kesi, na nataka tuisikilize mpaka mwisho kabla hatujatoa hukumu.

Kesi yenyewe ni hii. Bwawa limefungwa. Serikali imesema hakuna kuvua kwa miezi kadhaa ili samaki wazaliane. Kuna baba mmoja katika kijiji cha kando ya maji. Hana shamba, hana ng'ombe, ana mtumbwi na wavu tu. Unga umeisha juzi. Saa nane za usiku anasukuma mtumbwi majini, anavua, na alfajiri anamkabidhi mchuuzi ndoo mbili za perege. Jioni watoto wanakula ugali. Je, ametenda dhambi? Swali la pili ni fupi zaidi na linakugusa wewe. Wale perege wamefika sokoni Same siku ya Ijumaa, na kwa kuwa huli nyama Ijumaa ya Kwaresima, umenunua fungu moja. Je, na wewe?

Kiswahili chetu kina neno moja hapa linalofanya kazi mbili. Mkristo anafunga. Bwawa nalo linafungwa, na likifungwa ni kama nalo linafunga: halitoi, linajinyima, linasubiri. Kisha Mkristo anafungua, na bwawa linafunguliwa. Sijui kama wazee wa lugha waliliona hili au limetokea tu, ila mimi kila nikisikia tangazo la kufunga uvuvi naisikia Jumatano ya Majivu ndani yake.

Sisi wa Kighare hatuna ziwa. Tuna milima, mahindi na maharage, na wenzetu wa upande wa Mamba na Myamba wana tangawizi yao. Samaki kwetu ni mgeni anayepandishwa na gari au pikipiki, akiwa ameshakaangwa au kukaushwa. Wilaya yetu ina bwawa la Kalemawe kule tambarare, ambalo tope limelila sana. Lakini ukitaja samaki wa bwawa huku Upareni, watu wengi wanafikiria Nyumba ya Mungu.

Jina gani hilo! Ungedhani ni parokia. Bwawa la Nyumba ya Mungu liko bondeni, magharibi ya milima ya Upare, na linagusa wilaya za Mwanga, Simanjiro na Moshi. Lilijengwa miaka ya 1960 kwenye Mto Pangani, pale ambapo Mto Kikuletwa, unaobeba maji ya Meru na Kilimanjaro, unakutana na Mto Ruvu unaotoka Ziwa Jipe. Hapo kuna kituo cha umeme cha megawati 8, na maji yakishatoka yanateremka kufanya kazi tena Hale na Pangani. Umeme na umwagiliaji vilikuwa mbele katika mipango. Samaki wakaongezeka, na wavuvi wakawafuata.

Bwawa jipya huwa na neema ya miaka michache. Ardhi iliyofunikwa na maji ina majani, mizizi na samadi. Vikioza vinalisha viumbe vidogo vya majini, viumbe hivyo vinalisha samaki, na samaki wanajaa mpaka watu wanashangaa. Nyumba ya Mungu iliipata neema hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Halafu samaki wakapungua sana. Lakini vijiji vilikuwa vimeshajengwa, watu wameshaoa, watoto wameshazaliwa. Neema iliondoka na watu wakabaki, na nadhani shida zote za bwawa lile zinaanzia hapo.

Bwawa lina majira yake kama Kanisa lilivyo na yake. Mvua za vuli na masika zikija, maji yanapanda na kufunika nyasi za kando. Perege dume anasogea kwenye maji ya kina kifupi, anachimba kiota cha mviringo kama sahani mchangani na kukilinda. Jike anakuja, anataga, kisha anayachukua mayai mdomoni. Ndiyo, mdomoni. Anayalea humo mpaka yaanguliwe, na hata watoto wakishaanza kuogelea, hatari ikitokea wanarudi mbio kinywani mwa mama. Muda wote huo mama hali, au anaonja kidogo tu. Yaani anafunga kwa ajili ya watoto wake! (Mapadre mnaotafuta mfano wa homilia, huyo nawapeni bure.) Kwa hiyo mtu anayemnasa jike mmoja wakati huo hajachukua samaki mmoja. Amechukua na kinywa kizima cha samaki wa kesho.

Kiangazi mambo yanageuka. Maji yanashuka, kwa sababu mitambo inayahitaji, mashamba yanayahitaji, na jua la tambarare halina huruma. Samaki waliokuwa wametawanyika sasa wanabanwa mahali padogo, na kuwavua ni rahisi. Tena kati yao wamo ambao huwezi kuwapata mahali pengine. Perege wa Jipe, ambaye wanasayansi wanamwita Oreochromis jipe, ni wa maji haya ya Pangani tu, na amewekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka duniani. Ungemwona sokoni usingemjali. Yuko kwenye fungu na wenzake.

Sasa kokoro. Kwa asiyelijua, ni wavu mrefu sana wenye mfuko katikati. Mtumbwi unauzungusha majini, halafu watu wanaukokota kwa kamba kutoka ufukweni. Unakwangua chini, unafagia viota, na kwa kuwa macho yake ni madogo, unakuja na kila kitu: baba, mama, mtoto na mayai. Tuna Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009, na kokoro limepigwa marufuku.

Hebu sasa fungua Mathayo 13, karibu na mwisho wa ile mifano. Yesu anaufananisha Ufalme wa mbinguni na juya lililotupwa baharini likakusanya samaki wa kila aina. Neno la Kigiriki pale ni "sagene", wavu wa kukokota mpaka ufukweni. Ndugu yake kokoro kabisa! Wale wavuvi wa Galilaya wangekuja Mwanga leo, wangelala mahabusu. Mwanzoni hili lilinichekesha, baadaye likanisumbua. Je, Bwana wetu amechagua chombo kibaya kuwa mfano wa kitu kizuri?

Sidhani. Angalia kuchambua kunafanyika wakati gani. Katika ule mfano, juya likishajaa linavutwa pwani, watu wanakaa chini, wazuri wanaingia vyomboni na wabaya wanatupwa. Yesu mwenyewe anaeleza kwamba hiyo ni kazi ya malaika, tena ni mwisho wa dunia, baada ya hapo hakuna msimu mwingine. Mvuvi wa Nyumba ya Mungu siyo malaika na kesho anahitaji kuvua tena. Perege mchanga aliyekokotwa mchangani na kugandamizwa na wenzake, hata umrudishe majini umechelewa. Kwa hiyo mwanadamu anatakiwa kuchambua kabla. Na chombo chake cha kuchambulia ni jicho la wavu. Naupenda sana Uswahili huu, kwamba wavu una macho. Mtu anaamua mchana, nyumbani, akili imetulia, ni nani atakayenaswa na ni nani atakayeachwa apite. Usiku majini hana tena haja ya kujadiliana na njaa yake, maana uamuzi umeshafumwa kwenye nyuzi. Aristotle alifundisha kwamba fadhila ni mazoea yanayojengwa kidogo kidogo kabla jaribu halijafika. Mimi nasema ni wavu wenye macho makubwa.

Swali letu la mwanzo sikulitoa kitabuni. Lilianza na mwenzangu mmoja aliyezaliwa kando ya bwawa. Siku moja tulipewa samaki wadogo mno, wa kuhesabu kwa wingi ili sahani ionekane, naye akawaangalia akasema, "Hawa ni wa kokoro. Tuwabariki au tuwaombe msamaha?" Tulicheka, halafu tukabishana mpaka kengele ikalia. Yeye hoja yake ilikuwa moja, akairudia bila kuchoka: samaki wa bwawani hana mwenyewe. Ng'ombe ana mwenyewe, mgomba una mwenyewe, samaki hana. Na asiye na mwenyewe ni wa aliyemkamata. "Nisipovua mimi," alisema, "usiku huohuo atavua mwingine, na watoto wangu watalala njaa kwa sababu ya uadilifu wangu."

Msiidharau hoja hiyo. Mwaka 1968 msomi wa Marekani aitwaye Garrett Hardin aliandika makala iliyojulikana dunia nzima akieleza jambo hilohilo kwa mfano wa malisho ya pamoja: kila mfugaji akiongeza ng'ombe mmoja faida ni yake peke yake, hasara ni ya wote, kwa hiyo kila mmoja anaongeza mpaka nyasi zinaisha. Hardin alionekana kusema kwamba cha wote lazima kiharibike. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba siyo lazima, kwa sababu zipo jamii nyingi zilizotunza mali ya pamoja kwa karne nyingi kwa kanuni walizojitungia wenyewe.

Sisi Wapare jibu la mama Ostrom tungeweza kumpa hata kabla hajauliza. Tuna ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la kienyeji, limejengwa kwa mawe na udongo, linakinga maji ya mfereji yanayoteremka kutoka misituni, kama yale ya Chome chini ya kilele cha Shengena. Usiku linafungwa lijae. Asubuhi linafunguliwa na maji yanakwenda mashambani kwa zamu. Likibomoka watu wanaitana msaragambo, wanalizibua tope na kuziba ufa. Sasa fikiria mtu anaamka usiku wa manane, anazibua ndiva na kumwagilia mahindi yake. Ukimuuliza atasema, "Maji hayana mwenyewe, yanatoka kwa Mungu." Kweli, yanatoka kwa Mungu. Lakini kila mtu kijijini anajua ameiba, na anajua ameiba kwa nani. Ameiba kwa yule ambaye zamu yake ilikuwa kesho.

Hapo ndipo nilipomwambia mwenzangu kwamba samaki wa bwawa lililofungwa ana mwenyewe.

Darasani tunapenda kulipeleka swali hili mbali. Tunauliza: je, unaweza kuwa na deni kwa mtu ambaye hajazaliwa? Mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit, katika kitabu chake cha mwaka 1984, alionyesha jinsi swali hilo lilivyo gumu. Mtu ambaye hayupo hana jina, hana madai, na pengine ukibadilisha mambo leo hatazaliwa yeye, atazaliwa mwingine. Kanisa halikusubiri ugumu huo uishe. Katekisimu, namba 2415, inaiweka heshima kwa viumbe ndani ya amri ya saba, ile ya usiibe, na inawataja pia watu watakaokuja. Papa Fransisko katika Laudato si' ya mwaka 2015 anazungumzia haki kati ya vizazi kama jambo la haki, wala siyo hisani. Ninakubali yote hayo. Lakini kwa kesi ya perege hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Bwawa linafungwa kwa miezi, siyo kwa karne. Anayedai deni ameshazaliwa. Ana mke, ana watoto, na unga wake nao umeisha. Ni yule jirani aliyesikia tangazo, akatundika wavu wake kwenye paa la banda, akalala.

Fikirini vizuri hapa, maana nadhani huwa tunapapita haraka. Kwa nini usiku ule yule baba amepata ndoo mbili? Kwa sababu wengine hawakuvua. Utii wa jirani ndio uliojaza wavu wake. Kila perege aliyemnasa ni perege ambaye mtu mwingine mwenye njaa alimwacha. Wizi huu hauendi kwa Serikali wala kwa kizazi cha mwaka 2100 kwanza. Unaanzia nyumba ya pili, kwa mtu aliyefunga.

"Lakini Thomas anasema," wataniambia wale waliosoma kidogo. Ndiyo, Thomas wa Akwino anasema. Katika Summa, Sehemu ya Pili ya Pili, swali la 66, kifungu cha 7, anafundisha kwamba mtu aliye katika hitaji kubwa na la wazi, asiye na njia nyingine, akichukua cha mwingine ili aokoe uhai wake, huo siyo wizi kwa maana halisi. Katekisimu nayo inalishika fundisho hilo kwenye namba 2408. Kwa hiyo baba yetu yuko salama?

Soma kifungu chote. Palepale Thomas anasema ni vitu gani maskini anastahili kwa sheria ya asili: ni vile ambavyo wengine wanavyo kwa ziada. Ziada! Samaki aliyeachwa na mvuvi maskini mwenzako siyo ziada yake. Ni akiba yake, ni mbegu ambayo hakuila. Hitaji la baba yule ni la kweli na dai lake ni la haki, nalisema hili bila kupepesa macho. Ila amekwenda kudai kwenye mlango usio wake. Dai lake liko dhidi ya mwenye ziada. Na mwenye ziada, ukizunguka kumtafuta, mara nyingi utamkuta anasoma makala kama hii kwenye simu akiwa ameshashiba.

Sitaki kukwepa swali la dhambi, kwa hiyo nitoe maoni yangu, na mapadre watanisahihisha. Mtu aliyeingia usiku mmoja na wavu wa macho halali akapata kitoweo cha watoto wake, mimi simwiti mwizi. Ndoo mbili kwa mchuuzi, kila usiku, hapo ameshavuka kutoka njaa kwenda biashara, na biashara yake mtaji wake ni funga ya jirani. Lakini yupo wa tatu ambaye hatumtaji. Kokoro halivutwi na mtu mmoja, na wavu wa urefu ule siyo wa bei ya mtu aliyeishiwa unga. Kuna anayeumiliki. Mara nyingi vijana wanaolowa na kukamatwa ni vibarua tu, wa umri wenu ninyi, na mwenye wavu hayupo hata ufukweni. Tukimhubiria kibarua amri ya saba tukamwacha mwenye wavu, tutakuwa tumetumia Injili yenye macho madogo, inayonasa dagaa na kuwaachia mamba.

Halafu kuna Serikali, na hapa nitakuwa mkweli kwa upole. Kufunga uvuvi kunafanya kazi. Marekani kuna samaki wa mistari myeusi ubavuni, anaitwa striped bass, ambaye masika ya kwao anapanda mitoni kutaga. Miaka ya 1980 alikuwa amepungua vibaya, hasa katika Ghuba ya Chesapeake, na mwaka 1985 jimbo la Maryland likapiga marufuku kabisa kumvua. Miaka mitano! Mwaka 1990 wakafungua kwa masharti, na mwaka 1995 ikatangazwa kwamba samaki yule amerudi. Karibu nasi zaidi, mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Nyumba ya Mungu nayo imewahi kufungwa. Lakini mvuvi wa Chesapeake striped bass wake wakifungwa alikuwa bado na kaa na chaza wa kwenda kuvua. Wa kwetu ukimfungia bwawa umemfungia na jiko.

Biblia inalijua jambo hili. Kutoka 23 na Walawi 25 wanaagiza mwaka wa saba ardhi ipumzike, isilimwe. Hiyo ni kufunga kwa shamba. Ila usiishie hapo: Kutoka inasema mara moja kwamba katika mwaka huo kitakachoota chenyewe ni cha maskini wale, na kitakachobaki ni cha wanyama wa porini. Yaani mezani pa maskini palipangwa ndani ya sheria ileile ya kupumzisha ardhi. Kumbukumbu la Torati 22 nayo inakataza kumchukua mama ndege pamoja na makinda. Ukichukua makinda, mama mwache aende. Mwandishi yule angemwelewa mama perege vizuri sana. Kwa hiyo tangazo la kufunga bwawa lisilosema wavuvi watakula nini ni nusu ya amri. Nusu hiyo ni ya haki, sitaipinga. Nusu ya pili inadaiwa, na haidaiwi Serikali peke yake.

Turudi kwenye sahani ya Ijumaa. Wanateolojia wa maadili, hasa wanaomfuata Mtakatifu Alfonsi wa Liguori, wanatenganisha kushiriki tendo baya kwa kulitaka na kushiriki bila kulitaka. Wewe mnunuzi hutaki kokoro. Unataka kitoweo. Basi ushiriki wako ni wa ile aina ya pili, na unapimwa kwa mambo kama haya: uko karibu kiasi gani, unajua kiasi gani, una sababu gani. Samaki mkubwa wa kawaida, huwezi kujua ametoka wapi, kula kwa amani. Lakini perege wa urefu wa kidole cha mwisho, kumi na tano kwenye fungu, na redio imetangaza bwawa limefungwa? Huyo anajieleza mwenyewe. Kusema "sikujua" mbele ya samaki yule kunahitaji bidii.

Na sababu yako ni ipi? Kwaresima? Kanisa linatuagiza tusile nyama. Halijawahi kutuagiza tule samaki! Maharage yapo, kunde zipo, mchicha upo. Inanishangaza jinsi Ijumaa zetu za toba zimekuwa siku ambazo muuza samaki anatamani ziwe saba kwa wiki. Tunajinyima kwa namna inayoongeza haja ya kitu ambacho bwawa linaomba tulipumzishie.

Kanisa la kale lilikuwa na desturi ambayo sisi tumebaki nayo kama bahasha tu: kile ambacho funga yako imekiokoa siyo chako tena, ni cha mwenye njaa. Isaya 58 ndio msingi wake. Ukiacha nyama ukala maharage, tofauti ya bei ina mwenyewe. Sasa unganisha na Thomas: ile ni ziada, na mwenye dai la haki juu ya ziada anajulikana, yuko kando ya bwawa, ametundika wavu. Kama vikundi vya VIWAWA vya parokia za milimani vingekusanya debe la mahindi kwa kila jumuiya na kuliteremsha vijiji vya wavuvi katika miezi ya kufungwa, isingekuwa msaada. Tungekuwa tunamlipa mtu kwa kazi ya kutovua, kazi ambayo sisi ndio tutakaokula matunda yake bwawa likifunguliwa. Nimelitoa wazo hili kwa wenzangu nyumbani. Mmoja akauliza kwa nini tusianze na maskini wa hapa hapa Kighare, na ni swali la haki. Nilimwambia wa hapa tunawala nini? Akakaa kimya kidogo, akasema tutaongea mwezi ujao, baada ya kuvuna maharage.

Ijumaa ijayo nitapita sokoni Same. Nimeshapanga swali langu kwa mama muuza samaki: hawa ni wa wavu gani, na bwawa limefungwa au liko wazi? Na ninavyowajua mama zetu, jibu nalijua. "Frateri, shikamoo yako nimeipokea. Samaki unanunua au unapita?"